Waya wa Mlingoti Ukikatika Mbali na Bandari: Namna ya Kutengeneza kwa Vifaa Ulivyo Navyo

Mfuko wangu wa vifaa vya chombo hukaa chini ya kitanda hapa Dodoma, zaidi ya kilomita 400 za barabara kutoka baharini, nami naamini kwamba hapo ndipo mahali pake hasa. Waya wa mlingoti ukikatika kusini mwa Mafia hakuna duka la kukimbilia, na kila kitakachouokoa mlingoti siku hiyo ni lazima kiwe kilinunuliwa, kikapimwa na kuzoewa na mikono wiki kadhaa kabla, nchi kavu, wakati mtu bado ana nafasi ya kukosea.

Nawaandikia zaidi watu wa bara ambao, kama mimi, walijifunza kushika usukani katika Bwawa la Mtera na baadaye wakaanza kusafiri pwani wakati wa likizo. Bwawa lile la mpakani mwa Dodoma na Iringa, lililojengwa kwa ajili ya umeme, hufundisha mengi: ni pana kiasi cha kuinua mawimbi ya kweli mchana wa kiangazi, na miti mikavu iliyosimama majini tangu bonde lilipofunikwa humlazimisha nahodha ageuze chombo mara kwa mara. Jambo moja tu halifundishi, nalo ni kuwa mbali na watu. Ukivunjikiwa Mtera utapiga kasia hadi ufukweni, ukijihadhari na viboko na mamba, utasimamisha basi linalotoka Iringa, na jioni utakuwa umesimama mbele ya fundi wa kuchomelea. Kati ya Kilindoni, bandari ya Mafia, na kisiwa cha Songosongo, wakati kusi inavuma, fundi ni wewe.

Chombo ninachokizungumzia ni mashua yenye mlingoti mmoja unaoshikiliwa na nyaya za chuma: waya wa mbele unaoshuka hadi omo, waya wa nyuma unaoshuka hadi tezi, na nyaya za ubavuni zinazoshuka pande zote mbili na kufungwa kwenye mabamba ya chuma yaliyokazwa ubavuni. Wenye dau au ngalawa wana kamba mahali ambapo sisi tuna nyaya, na kazi yao ya kutengeneza ni nyepesi zaidi, ingawa kanuni ni ile ile.

Mahali panapokatika

Waya hukatika mara chache sana katikati. Hukatika mwishoni, pale unapoingia ndani ya kifuniko cha chuma kilichobanwa, na hasa mwisho wa chini, kwa sababu maji ya chumvi huteremka juu ya waya, huingia katika tundu la kile kifuniko na kubaki humo. Chuma tunachokiita kisichoshika kutu hushika kutu kikifungiwa katika maji yenye chumvi yasiyo na hewa, na ubaya wake ni kwamba kutu hiyo hula ndani kabla ya kuonekana nje. Dalili ya kwanza ni mstari mwembamba wa rangi ya chai unaoshuka kutoka kwenye shingo ya waya. Dalili ya pili ni uzi mmoja uliokatika, ambao utaugundua kwa kupitisha kitambaa laini cha pamba kuzunguka waya, nacho kitanasa. Waya wa kawaida wa mlingoti una nyuzi 19, na mtu anaweza kujidanganya kwamba uzi mmoja kati ya 19 si kitu. Nyuzi zile zote zimezeeka pamoja na kubeba mzigo ule ule, kwa hiyo wa kwanza ukienda, wa pili hauko mbali, na waya huo uhesabiwe kuwa umekwisha hata kama bado umesimama.

Baada ya miisho ya nyaya, angalia pini zinazozifunga kwenye mabamba. Pini ndogo ya usalama inayozuia pini kubwa isichomoke huweza kukatika bila mtu kujua, na nimeona mlingoti ukining'inia kwa pini iliyokuwa imebakiza kina cha ukucha ndani ya tundu lake. Kisha angalia mahali kamba zinaposuguana na kitu: kwenye roda za kapi, kwenye ncha za mikono ya mlingoti inayozitanua nyaya za ubavuni, na pale inapopita demani, yaani kamba ya kuvutia tanga.

Dakika ya kwanza

Jambo ambalo ningependa msomaji alikariri kuliko mengine yote ni kwamba kazi ya kutengeneza haianzi kwa kamba, inaanza kwa usukani. Mlingoti uliopoteza waya mmoja hauanguki mara moja kila wakati. Mara nyingi husimama kwa sekunde kadhaa, ukipinda, na sekunde hizo ni za kuugeuza chombo ili upepo uusukume mlingoti kuelekea upande ambao bado una waya mzima.

Ukikatika waya wa ubavuni upande wa joshi, yaani upande unakotoka upepo, geuza chombo mara moja ili upepo uje upande wa pili, na waya wa upande mzima ndio utakaobeba mzigo. Usisubiri kushusha tanga kwanza. Waya ukikatika upande wa demani, yaani upande unakoelekea upepo, ambao waya wake wakati huo umelegea, endelea vivyo hivyo na usigeuze, hata kama njia yako inataka ugeuze.

Ukikatika waya wa mbele, fuata upepo, uuache uje kutoka tezi, ili usukume mlingoti kwenda mbele badala ya kuuangusha juu ya kichwa chako. Tanga la mbele likiwa limeinuliwa kwa henza yake, yaani kamba ya kuinulia tanga, usilishushe kwa haraka, kwa maana ukingo wake wa mbele pamoja na henza ndivyo vinavyoushika mlingoti kwa muda huo. Chukua henza nyingine iliyo huru, ipeleke omo, ifunge mahali imara na uikaze kwa winchi, kisha ndipo ushughulike na tanga.

Ukikatika waya wa nyuma, fanya kinyume chake: elekeza omo kwenye upepo na uivute demani ya tanga kubwa kwa nguvu zote, kwa sababu ukingo wa nyuma wa tanga hilo sasa ndio waya wako wa nyuma. Anayekimbilia kulishusha tanga kubwa katika hali hiyo anajiondolea nguzo ya mwisho. Kamba inayoning'iniza mti wa chini ya tanga, ile inayotoka kileleni, ifuate baadaye hadi tezi na ikazwe huko.

Haya matatu nilikuwa nikiyatamka kwa sauti katika bwawa, kila mara nilipogeuza chombo kati ya miti mikavu: "waya wa joshi, geuza; wa mbele, fuata upepo; wa nyuma, elekea upepo." Wenzangu walichoka kunisikia. Siku ulipokatika kweli, mkono wa binamu yangu uligeuza usukani kabla akili haijauliza.

Waya wa ubavuni: kazi yenyewe

Ilikuwa mwezi wa Julai, tukiwa watatu, tukishuka kutoka Kilindoni kuelekea Songosongo dhidi ya kusi, upepo ukitupiga ubavu wa kushoto. Kulisikika mlio mmoja mkavu, kama ubao mwembamba unaovunjwa gotini, na waya wa ubavuni wa kushoto ukawa unachapa juu ya sitaha. Binamu yangu alikuwa kwenye usukani akageuza. Chombo kikaelekea mashariki, bahari kuu, mahali ambapo hatukutaka kwenda hata kidogo, lakini mlingoti ulikuwa umesimama na mbele yetu hapakuwa na mwamba, kwa hiyo tulikuwa na muda. Muda huo ndio ulionunuliwa na usukani.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupunguza tanga, kisha kuchukua henza ya akiba, kuishusha upande wa kushoto na kuifunga kwenye bamba la ubavuni, halafu kuikaza kwa winchi hadi ikawa ngumu. Henza ya poliesta hunyumbuka kuliko waya, kwa hiyo haiwezi kuwa dawa ya kudumu, lakini inashika mlingoti wakati mikono inafanya kazi. Kamba ya nailoni isitumike hapa kabisa; ni nzuri kwa nanga kwa sababu hunyumbuka sana, na kwa sababu hiyo hiyo ni mbaya kwa mlingoti.

Waya wetu ulikuwa umekatika kwenye kifuniko cha chini, jambo ambalo ni bahati, kwani waya wote uliobaki ulikuwa ukining'inia mahali tunapoufikia. Unachotakiwa kufanya ni kutengeneza jicho mwishoni mwa waya kwa klipu, kisha kuziba pengo kati ya jicho hilo na bamba kwa kamba nyembamba inayopita mara nyingi.

Kwa jicho, pindisha waya kuzunguka pete ya chuma yenye mfereji, kubwa kadiri uliyo nayo, kwa kuwa waya wa nyuzi 19 ni mgumu na hautaki kupindwa kwa kona kali. Ukiulazimisha utavunja nyuzi zile zile unazozitegemea. Fundi atakayekuwa peke yake ajue kwamba waya huu hujirudi kwa nguvu na unaweza kumchoma jicho, hivyo ufungwe kwanza kwa kamba huku ukipindwa. Kisha weka klipu 3 kwa waya wa milimita 6, zikiachana kiasi cha mara 6 ya unene wa waya, yaani karibu sentimita 4. Klipu ina sehemu mbili: tandiko lenye meno, na chuma cha umbo la U chenye nati mbili. Tandiko ni lazima likalie ule upande mrefu unaobeba mzigo, na chuma cha U kikalie mkia mfupi, kwa sababu chuma cha U huuponda waya kinapokazwa. Ukizigeuza, utakuwa umeudhoofisha waya mzima kwa mikono yako. Kaza ya kwanza iliyo mbali na pete, kisha iliyo karibu na pete, kisha ya katikati, na baada ya waya kubeba mzigo kaza zote tena, kwa sababu waya hupungua unene unapovutwa na nati hulegea.

Sasa kamba. Watu wengi hufikiri kwamba mzigo mkubwa unadai kamba nene, na hapa ndipo penye kosa. Kamba nene haiwezi kupita mara nyingi katika tundu la bamba, haikai vizuri kwenye fundo, na huwezi kuikaza kwa mkono. Kamba nyembamba ya Dyneema, ambayo ni ya nyuzi bandia zenye nguvu sana, yenye unene wa milimita 4 huvunjika kwa mvuto wa zaidi ya tani moja. Ikipita mara 6 au 8 kati ya jicho na bamba, hata ukitoa hasara ya msuguano na kona, unapata kifungo kinachoweza kulingana na waya wa milimita 6, ambao wenyewe huvunjika kwa mvuto wa karibu tani 3. Zaidi ya hapo, kila mzunguko unafanya kazi ya kapi: unapovuta ncha kwa nguvu ya mkono, mizunguko inazidisha nguvu hiyo. Vuta kila mzunguko, ushikilie kwa koleo lililozungushiwa kitambaa lisikate kamba, vuta unaofuata. Mizunguko ikiisha, mwenzako alegeze kidogo demani ili mlingoti upumue, vuta yote tena, kisha zungusha ncha kiunoni mwa kamba zote zikusanyike pamoja, na umalizie kwa mafundo nusu manne au matano. Dyneema ni laini na yenye utelezi. Fundo mbili ambazo zingetosha kwenye katani hazitoshi hapa.

Jicho letu lilikuwa juu ya bamba kwa urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, nami niliona aibu kwa kifungo kirefu namna ile, lakini urefu hauna madhara ikiwa mizunguko yote imekazwa sawasawa. Kazi nzima ilituchukua karibu saa moja na nusu. Hatukuendelea na Songosongo. Tuligeuza na kurudi Kilindoni kwa upepo wa nyuma, ambao haukuulemea upande ule, na huo ndio uamuzi ninaoupendekeza: baada ya matengenezo ya namna hii, chagua bandari ambayo upepo unakupeleka, hata kama si ile uliyoiandika kwenye ratiba. Kilindoni mzee mmoja mwenye jahazi alipanda, akaupapasa ule mfungo, akaitazama henza tuliyoifunga kwanza na ambayo mimi nilikuwa nataka kuifungua. "Iache hiyo, mwanangu," akaniambia. "Mpaka waya mpya uwe juu, hiyo ndiyo roho yako ya pili." Tangu hapo siondoi kamba ya dharura kwa sababu tu kuna matengenezo mengine yanayoonekana mazuri.

Waya ukikatika juu, kileleni, mambo ni magumu zaidi na njia sahihi ni kutopanda. Tegemea henza zilizokazwa kwenye mabamba hadi ufike penye kivuli cha kisiwa na maji yatulie. Kupanda mlingoti ambao umepoteza waya, chombo kikiyumba, ni kuongeza uzito wa mtu juu ya kitu ambacho tayari kinataka kuanguka. Ukifika penye utulivu na ukalazimika kupanda, ufungwe kwa henza mbili tofauti, na kwa mafundo moja kwa moja kwenye mkanda wako, si kwa ndoano ya kufunguka haraka.

Bamba la ubavuni likiwa ndilo lililong'oka, waya wako ni mzima lakini hauna pa kufungwa. Tafuta kitu kingine kilichofungwa kwa bolti zinazopenya sitaha, upitishe kifungo hapo, na ukikosa kabisa, pitisha kamba chini ya chombo hadi upande wa pili.

Foromali, mti wa tanga, na gango

Hapa mafundi wa pwani wanatuzidi sote, na inafaa kujifunza kwao badala ya kutafuta vifaa vya gharama. Foromali ya jahazi, yaani mti wa juu unaobeba tanga, kwa kawaida si mti mmoja; ni miti miwili au zaidi iliyolaliana na kufungwa kwa kamba, kwa sababu mti mmoja wenye urefu ule haupatikani kwa urahisi na pia kwa sababu mti uliofungwa hupinda bila kuvunjika. Kwa hiyo foromali ikivunjika wao hawaoni msiba. Huzilalisha ncha mbili zilizovunjika moja juu ya nyingine, au huongeza kipande cha mti pembeni kama mganga anavyofunga banzi kwenye mguu, kisha hufunga.

Kwa mti wa chini ya tanga uliovunjika, fanya gango hivi: tafuta vipande vitatu au vinne vya mbao au bomba, kila kimoja chenye urefu wa angalau mara 8 ya unene wa mti wenyewe, ili kila upande wa mvunjiko upate mshiko wa kutosha. Vipange kuuzunguka mti. Funga kwa vifungo vingi vifupi vinavyojitegemea, si kwa kamba moja ndefu, kwa maana kamba moja ikikatika mahali pamoja gango lote linafunguka. Loweka kamba ya katani au ya pamba kabla ya kufunga ukitaka, lakini ujue kwamba kamba za mimea hujikaza zinapolowa na kulegea zinapokauka, hivyo kifungo chako kitabadilika kutwa nzima. Ikiwa huna mbao, acha mti huo kabisa: tanga kubwa linaweza kufanya kazi bila mti wa chini, kona yake ya nyuma ikivutwa kwa kamba mbili, moja kila upande wa tezi.

Mpira wa ndani wa baiskeli, uliokatwa utepe wa upana wa vidole viwili, nauthamini kuliko vitu vingi vya dukani. Hapa Dodoma kila mwenye baiskeli ya kubebea mizigo anaujua, na fundi baiskeli atakupa mipira iliyokwisha kwa bei ndogo sana. Uvute huku ukizungusha, nao utabana vipande vya gango visiteleze wakati unafunga kamba, utafunika ncha kali za waya zisichane tanga, na utakinga kamba inayosuguliwa. Usiutumie kubeba mzigo wa mlingoti. Hunyumbuka, na jua huula katika miezi michache.

Tanga lililochanika nitalipitia kwa haraka, kwa kuwa ni kazi ambayo wengi wanaijua: lishushe kabla mpasuko haujafika kwenye mshono, lisuuze kwa maji yasiyo na chumvi na kulikausha, bandika kiraka cha utepe wa matanga pande zote mbili, na ushone ukingo wa kiraka kwa uzi wa poliesta. Utepe bila kushona hudumu siku moja ya upepo.

Mlingoti ukianguka

Hesabu watu kwanza. Kisha usiwashe injini. Nyaya na henza zitakuwa zimetapakaa majini, na rafadha itazivuta mara moja, nawe utakuwa umepoteza mlingoti na injini katika dakika moja. Kagua pande zote, vuta kila kamba ndani, na ndipo uwashe.

Kipande cha mlingoti kinachogonga ubavu kwa kila wimbi kinaweza kutoboa chombo, kwa hiyo kama huwezi kukifunga kikatulia, kiache kiende. Njia ya haraka ya kukiachia ni kuchomoa pini kwenye mabamba kwa nyundo na koleo. Mkasi mkubwa wa kukatia nondo au msumeno wa chuma uwe wa akiba, kwa zile pini zilizopinda. Lakini ukipata nafasi hata kidogo, okoa mti wa chini, matanga na kamba, maana hivyo ndivyo mlingoti wako mpya. Mti wa chini ulioinuliwa wima, ukashikiliwa na kamba mbele, nyuma na ubavuni, hubeba tanga dogo la mbele lililogeuzwa ubavu, na kwa tanga hilo chombo kitafuata upepo kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ugumu uko katika kuinua. Miti miwili iliyofungwa ncha juu na kupanuliwa miguu chini huinuka kwa urahisi zaidi kuliko mmoja, kwa sababu haiangukii upande.

Tangaza hali yako kwa redio kwenye chaneli 16 mapema, na ikumbukwe kwamba antena nyingi huwa kileleni mwa mlingoti. Beba redio ya mkononi.

Mazoezi nchi kavu

Sasa nirudi chini ya kitanda. Mfukoni mwangu mna mita 30 za Dyneema ya milimita 4 na mita 15 za milimita 6, ambazo hulazimika kuagizwa. Klipu 8, pete za chuma 4, bolti za stenlesi za unene wa pini zangu, pini ndogo za usalama kadhaa, msumeno wa chuma na majani yake 10, koleo, spana mbili, sindano, uzi na mipira ya baiskeli. Bolti inayochukua nafasi ya pini iwe ndefu kiasi kwamba sehemu yenye hesi ibaki nje ya bamba, kwani hesi zikibeba mzigo bolti hukatwa kama kwa msumeno.

Klipu zipo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa kuwa hutumika kwenye nyaya za kushikilia minara. Zijaribu kabla ya kuziamini. Niliwahi kuuziwa klipu sita zilizong'aa vizuri, na nne kati yake nati ziliteleza juu ya hesi nilipozikaza kwa spana ya kawaida, nyumbani, chini ya mwembe. Kama ningezigundua baharini sijui ningefanya nini.

Jaribio langu ni hili. Pipa la lita 200 likijazwa maji lina uzito wa zaidi ya kilo 200. Tengeneza jicho la waya kwa klipu, ulifunge kwenye tawi nene, fungia pipa kwa kifungo cha kamba nyembamba ya mizunguko 6, ulijaze maji, na ulale. Mtu yeyote, na hasa mtoto, asipite chini yake. Asubuhi utajua kama mafundo yako yanateleza. Uzito huo ni mdogo kuliko mzigo wa mlingoti katika upepo mkali, lakini kifungo kinachoshindwa na pipa hakitafika popote.

Fanya pia jicho la Dyneema kwa kuingiza mkia wa kamba ndani ya kamba yenyewe, ambayo katikati yake ni tupu. Fundo la kawaida hupunguza nguvu ya kamba hii kwa zaidi ya nusu au huteleza kabisa, ilhali jicho la kuingiza hubakiza karibu nguvu yote, mradi mkia uingie kwa urefu wa mara 72 ya unene wa kamba: kwa milimita 4 ni sentimita 29, kwa milimita 6 ni sentimita 43. Ncha ya mkia ichongwe kwa kupunguza nyuzi kidogo kidogo, kisha jicho lishonwe kwa uzi lisichomoke kamba ikilegea. Mara ya kwanza ilinichukua jioni nzima barazani. Sasa ni dakika kumi, hata gizani, na niliifanyia mazoezi gizani makusudi.

Usiku baada ya matengenezo

Kifungo kipya hakilali. Kabla giza halijaingia, chora mstari kwa rangi ya kucha kwenye waya, pale unapotokea nje ya kila klipu, na mwingine ukivuka mafundo ya kamba. Kila saa mwenye zamu aende na tochi, ashike kamba kwa kiganja asikie kama mzunguko mmoja umelegea kuliko mingine, akaze nati, kisha atazame ile mistari. Mstari ukiwa umesogea hata kwa upana wa punje ya mtama, amwamshe nahodha, upepo upelekwe upande mzima, na kazi ianze upya kabla ya alfajiri.